Taulo Mlangoni

Daftari la nafasi nililichoma mwenyewe. Halikupotea, halikuibwa, wala halikulowana na mvua. Nililichana ukurasa mmoja mmoja nikawashia jiko la mkaa barazani kwangu, Jumapili baada ya ibada, nikachemsha chai ya maziwa na kuinywa nikiwa nimekunja nne. Ilikuwa kaunta buku nene yenye jalada gumu, na kurasa zake zilishika moto haraka kuliko mabua ya mahindi. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nina uhakika na ninachofanya.

"Mama Mapacha," nikamwambia, "mambo ya kalamu yamepitwa na wakati. Siku hizi tuna kompyuta."

Akasema, "Haya," kwa ile sauti ambayo ndani ya ndoa maana yake ni tutaonana.

Katika daftari lile mlikuwa na kila nafasi iliyowahi kuombwa kwenye lodji ndogo niliyokuwa naifanyia kazi, pale juu ya mji wa Karatu: nani analala chumba gani, nani anapita kula tu, nani ameomba ukumbi. Hakuna aliyenituma nilichome. Bosi aliniambia niliweke stoo. Lakini stoo ilikuwa imejaa, jiko langu lilikuwa limezima, na mimi nilikuwa nimejaa imani.

Niseme kidogo mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtanionea huruma isiyo na sababu. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijapata sababu nzuri ya kutoka. Kazi ya lodji niliiomba kwa sababu moja tu: ilikuwa dakika kumi na mbili kutoka kitandani kwangu. Wageni walitoka mabara ya mbali wakalala kwetu ili kesho yake wateremke Kreta ya Ngorongoro, na mimi niliyewapangia vyumba nilikuwa nimeteremka huko mara moja maishani, nikiwa kidato cha pili, juu ya lori la shule. Niliona faru, au jiwe. Hadi leo sijaamua. Mwaka mmoja bosi alinituma Wasso, mbali kule Loliondo, kupeleka barua kwenye ofisi za wilaya ya Ngorongoro, nikarudi na vumbi hadi ndani ya masikio, nikalala siku mbili mfululizo. Wenzangu jikoni walinipokea kwa kuniuliza habari za ng'ambo.

Nyumba yangu ilikuwa pembeni mwa mji, upande wa kwenda Ganako. Mbele yake nilikuwa nimeotesha ukoka. Nililileta jani lile kipande kwa kipande, nikalimwagilia kwa kopo, nikalikata kwa panga hadi likawa kama zulia, na nikapiga marufuku mtu yeyote kulikanyaga, wakiwamo mapacha wangu. Mke wangu aliliita "mtoto wa tatu".

Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mwiraqw, mjane, mkulima wa maharage na mahindi ambaye ukoo wake ulikuwapo pale kabla mji haujawa mji. Tulitenganishwa na ua wa minyaa, na tuliunganishwa na choo. Ndiyo, choo. Kilichimbwa katikati ya viwanja viwili na aliyekuwa mwenye viwanja vyote kabla yetu, na komeo lake lilikatika mwaka tuliohamia. Mimi nilingoja Mama alitengeneze, kwa kuwa ndiye mwenyeji. Mama alingoja nilitengeneze mimi, kwa kuwa ndiye mwanamume. Tukangoja hivyo miaka minne.

Kwa muda huo wote kila nyumba ilikuwa na utaratibu wake. Sisi tulitundika taulo mlangoni. Taulo likiwapo, kuna mtu. Nyumba ya Mama walikuwa watu wa kukohoa: ukifika unakohoa, na aliye ndani anakohoa kujibu. Taratibu zote mbili ni nzuri sana, shida ni zikikutana. Wiki yetu ya kwanza pale nilikuwa ndani, taulo langu limetulia mlangoni, nikasikia mtu anakohoa nje. Nikasema moyoni, maskini, kifua kinambana. Sikujibu. Mlango ukafunguka.

Sitaeleza zaidi. Tulisalimiana, kila mtu akaenda zake, na kwa mwezi mzima Mama aliponiona alikuwa anakohoa kwa makusudi na kucheka.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Zililetwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, lami ya kupandia Ngorongoro ikiwa bado nyeusi, na aliyezifunga ni kijana mmoja Mzungu wa kujitolea aliyekaa kwetu miezi michache. Kubwa, ambayo aliiita seva, aliiweka chini ya meza ya ofisini, ndiyo iliyotunza mafaili yote. Ofisini kwangu aliweka kompyuta ya mfumo ule ambao kila mtu alikuwa nao. Ya mapokezi, ambayo ilikuwa inapata virusi kila wiki kutoka kwa wageni waliokuja na diski zao, aliiwekea mfumo mwingine, wa bure, akasema huo hauugui. Akavuta nyaya, akatuonyesha chati ya vyumba ikifunguka kote kote, akapiga picha na sisi, akaenda zake.

Chati ile niliipenda. Ilikuwa na siku zote za mwaka zimepangwa kama mashamba yanavyoonekana ukiwa mlimani. Na siku ya tatu ndipo nilipogundua kile kilichonivimbisha kichwa. Nilikuwa nimeifungua chati kwangu, bosi naye akajaribu kuifungua kwenye laptopu yake, ikamkatalia. Kikatokea kisanduku cha Kiingereza, nami nikamtafsiria kwa sauti ya mtu aliyekitunga mwenyewe: faili limefungwa, linatumiwa na mtu mwingine, unaweza kusoma tu.

"Kumbe ina kufuli!" bosi akasema.

"Ina kufuli," nikasema, na kuanzia siku hiyo nikawa mhubiri. Kwenye kikao cha wafanyakazi nilisimama nikaeleza kwamba daftari lilikuwa na hatari kubwa, watu wawili waliweza kuandika siku moja bila kujuana, lakini kompyuta haikubali upuuzi huo. Aliye ndani yuko ndani. Wa nje anangoja. Dada wa mapokezi, binti wa Kilimanjaro mwenye mdomo na akili vyote viwili, aliuliza mbona yeye kwake hajawahi kuona kisanduku hicho.

"Utakiona siku yako," nikamjibu. Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata nikachemsha ile chai.

Tangu hapo nikajenga tabia. Asubuhi nikifika nafungua chati, na sifungi mpaka jioni. Hata saa ya mchana nikienda kula makande nyumbani na kunyoosha mgongo kidogo, naiacha wazi, kama mtu anavyoacha koti kwenye kiti ili asinyang'anywe nafasi. Niliamini nimeishikilia. Jioni nahifadhi, nazima, naondoka na roho nyeupe.

Baada ya Pasaka, mvua za masika zikiwa bado zinaendelea na lodji ikiwa na vyumba vingi vitupu, Mama alipanda kwetu kazini kwa miguu akiwa amevaa viatu vya kanisani. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba wa Mbulu. Dada zake watatu walioolewa kabla yake walikuwa wameagwa nyumbani, chini ya turubai, kwenye matope, na mmoja wao mvua ilimharibia hata keki. Huyu wa mwisho Mama alitaka amfanyie sendofu ndani ya ukumbi, penye sakafu. Alikuwa ameshawaambia wakwe. Bosi, ambaye maharage ya lodji aliyanunua kwa Mama, alimwambia achague Jumamosi, ukumbi ni wake. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nanyoosha mgongo. Aliyeandika ni Dada, pale mapokezi, kwa rangi ya waridi.

Nilirudi saa nane, chati yangu ikiwa wazi vilevile nilivyoiacha, bila waridi lolote. Jioni nikahifadhi.

Kama wiki mbili baadaye ikaja barua pepe ya kundi la watazama ndege. Hao ni wageni wanaopenda masika kwa sababu ndege wanapenda masika. Watu ishirini na wawili, na Jumamosi ile ile aliyoichagua Mama, nami sina habari, walitaka ukumbi kwa chakula na mazungumzo yao. Nikaangalia chati: nyeupe. Nikaipaka njano, nikawajibu karibuni sana, nikaenda kumsimulia bosi jinsi nilivyojaza lodji kwenye mvua. Akanipa mkono, hakuuliza hata tarehe.

Jumatano ya wiki ile ile ya shughuli, siku tatu kabla, Mama alikuja na kamba. Alitaka kupima ukumbi ajue vitambaa vya mapambo vikatwe urefu gani. Kila alipomaliza ukuta mmoja alifunga fundo. Mimi nilipita nikamsalimia, nikamuuliza kwa utani kama anataka kununua jengo.

"Napima sehemu ya kumuagia mwanangu," akasema. "Si Jumamosi?"

Nikacheka, maana nilijua sendofu ni ya nyumbani, kama za dada zake. Kisha nikaona hacheki.

Tulikwenda mapokezi wote watatu, mimi, Mama na kamba yake. Dada akafungua chati. Njano.

"Niliandika," akasema.

"Haipo, Dada."

"Nakwambia niliandika! Kwa waridi. Nikaweka na nyota mbili pembeni, kwa sababu ni shughuli ya jirani yako."

"Na ulisevu?"

"Nilisevu."

"Kompyuta haifuti kitu, Dada. Mtu ndiye anayesahau. Labda uliota."

"Mimi kazini siendi kuota," akasema. "Anayeenda kunyoosha mgongo mchana tunamjua."

Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Bosi alikuja, akasikiliza, akashika kichwa. Kundi lilikuwa limeshathibitishwa, watu walikuwa wanatua keshokutwa, na lodji nzima ilikuwa na ukumbi mmoja tu. Alimwomba Mama msamaha kwa maneno mazuri. Mama hakugomba. Alisema kitu kimoja tu, kwamba wakwe zake kutoka Mbulu na ndugu zake kutoka Baray walikuwa wameshaanza kuulizana nani atapanda na nani kwenye gari. Akaizungusha kamba mkononi, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akashuka kilima. Dada alinitazama kwa macho mekundu. Nami, Mungu anisamehe, bado nilikuwa na uhakika kwamba kosa ni lake.

Alhamisi asubuhi fundi alipanda kutoka Arusha. Alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kutazama mashine, mtu mpole aliyezoea kufundisha watu wagumu. Nilimweleza tatizo la Dada. Ndivyo nilivyoliita, tatizo la Dada. Aliniambia nifungue faili jipya kwangu na niliache wazi. Kisha akaenda mapokezi, akalifungua faili hilo hilo. Likafunguka kama pazia.

"Kufuli liko wapi?" nikauliza.

"Subiri." Akaandika MBUZI, akahifadhi. Tukarudi ofisini. Kwangu faili lilikuwa tupu bado. Akaniambia niandike KUKU na nihifadhi. Kikatokea kisanduku, nami kwa kasi ya mazoea nikabonyeza kikaondoka. Tukaenda tena mapokezi, sasa na wapishi wawili nyuma yetu, maana habari za mbuzi na kuku zilikuwa zimefika jikoni. Fundi akalifungua faili upya. KUKU. Peke yake.

"Mbuzi kaliwa," mpishi mmoja akasema.

"Kile kisanduku ulichokiondoa," fundi akaniuliza, "huwa kinatokea?"

"Hii mashine inauliza maswali mengi sana," nikasema. "Mimi huwa naijibu ndiyo."

"Ilikuwa inakuambia kuna mtu amebadilisha faili wakati wewe ulipokuwa umelifungua. Inakuuliza kama umfute."

Wapishi wakasema "aaah" kwa pamoja, kama kwaya.

Akatukalisha. Akasema kompyuta yangu ikifungua faili inaiarifu seva kwamba nimeingia, na seva inaandika. Akija mwingine kwa njia hiyo hiyo, kama bosi na laptopu yake, anaambiwa kuna mtu. Hilo ndilo kufuli nililolihubiri, na ni la kweli. Lakini kompyuta ya mapokezi, kwa kuwa ni ya mfumo mwingine, haiendi kwa seva kwa njia hiyo. Inaongea kwa itifaki nyingine. Nayo ina namna yake ya kufunga, tena ya kistaarabu: lazima mwenyewe aulize kama kuna mtu. Asipouliza haambiwi. Na programu ya Dada haikuwa inauliza.

"Itifaki?" nikasema. Itifaki nilizozijua mimi ni wale watu wenye beji kifuani wanaopanga viti vya mgeni rasmi.

"Hao hao," akasema fundi. "Chukua shughuli yenye watu wa itifaki wa pande mbili, wa bwana na wa bibi, kila upande na karatasi yake, na hawasemeshani. Kiti ni kimoja. Huyu anakwambia kaa, ni chako. Yule anamwambia mwenzako kaa, ni chako."

"Sasa nani anakaa?"

"Wote. Wa mwisho anamkalia mwenzake mapajani."

Nilimtazama Dada. Yeye alikuwa ameshanitazama siku nyingi. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nilikosea, kwamba aliandika, na kwamba mimi ndiye niliyemkalia.

"Sema tena," akasema. "Waliobaki jikoni hawajasikia."

Nikaenda jikoni nikasema tena. Aliyekuwa anamenya viazi aliomba nirudie mara ya tatu, kwa sababu maji yalikuwa yanachuruzika.

Fundi alitumia asubuhi ile kuipitisha kompyuta ya mapokezi kwenye mlango uleule wa wenzake, ili wote wajibiwe na mlinzi mmoja. Alisema kuna namna ya kuwafanya walinzi wawili wajuane, lakini kwa vifaa vyetu vile asingeiamini. Kabla hajaondoka Dada aliona kisanduku chake cha kwanza, kimefungwa, kinatumiwa na mtu mwingine. Alipiga kigelegele. Kisha akachukua kaunta buku mpya, akaitoboa pembeni, akaifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. "Hili," akasema, "akiwa nalo mmoja, mwingine hana."

Ila Jumamosi ilikuwa palepale, na Mama alikuwa hajaambiwa chochote zaidi ya samahani.

Nilimkuta barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza na seva, nikaja kwenye itifaki, nikasema milango miwili, nikasema walinzi. Nilijisikia nikiongea kama mtu anayesoma dawa kwenye chupa. Mama aliendelea kutupa mawe pembeni.

"Ngoja," akasema. "Wewe ulikuwa ndani."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umetundika taulo."

"Taulo?"

"Si umesema uliweka alama kwamba uko ndani? Na yule binti akaja anakohoa. Wewe hujui kukohoa, yeye hajui taulo. Akaingia."

Fundi alikuwa ametumia saa nzima na wanyama wawili.

"Ndivyo hivyo, Mama. Ndivyo hivyo kabisa."

"Kumbe si mambo makubwa," akasema, akapeta ungo. Halafu akauweka chini. "Na Jumamosi?"

Nilisikia mapacha wangu wakicheza upande wa pili wa minyaa, wakiwa wamekaa kwenye changarawe kama nilivyowafundisha. Nikatazama juu ya ua. Ukoka ulikuwa umenyweshwa mvua wiki nzima, umelala kijani, hakuna hata unyayo wa kuku. Mama naye alikuwa anautazama. Nilijaribu kufikiria shule ya msingi, nikajaribu kufikiria kanisa, nikakumbuka kwamba kanisani kuna ndoa mbili siku hiyo.

"Mama," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu anayetoa jino, "pale kwangu, kama utapaona panafaa…"

"Panafaa," akasema kabla sijamaliza. Akavuta kamba kutoka chini ya kiti. Ilikuwa na mafundo mapya. "Jana jioni ulipokuwa hujarudi nilipapima. Pana nafasi kuliko ule ukumbi wenu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Mke wangu, nilipompa habari, alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye ukoka.

Bosi, kwa aibu, alitoa viti vya lodji, masufuria makubwa na turubai mbili ngumu. Ijumaa nzima watu walichimbia nguzo kwenye mtoto wangu wa tatu na mimi nikashika nyundo. Shughuli tuliifanya mchana, tusije tukategemea umeme. Asubuhi kulinyesha, saa tano kukaacha, na saa saba magari ya Mbulu yakaingia yakiwa na matope hadi kwenye vioo. Walioshuka walisimama wakaangalia chini. Mzee mmoja upande wa bwana, ambaye alikuwa mshenga, alivua kofia akauliza nani aliyeotesha jani hili. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Hapa hata kiatu kinaona aibu," akaingia nacho.

Bado nafurahi nikikumbuka mchana ule. Kwaya ilimtoa binti ndani ya nyumba ya Mama, ikampitisha kwenye pengo tulilokata kwenye minyaa, na hakuna tope lililogusa gauni lake. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, alikuja na majani mdomoni. Dada aliomba ruhusa ya saa mbili akaja na ile kaunta buku, uzi ukining'inia, akapanga viti vya pande zote mbili yeye peke yake, akasema itifaki hapa ni moja. Mama alipopewa nafasi ya kuzungumza alisema maneno machache, akamshika binti yake mkono, akageuka akafuta macho kwa upande wa khanga na kujifanya ni moshi. Moshi haukuwapo. Mimi nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango wangu, na nikagundua kwamba hiyo ni shughuli ya kwanza maishani mwangu kuhudhuria nikiwa nimevaa ndara.

Ilipofika saa ya kula, watu wakapanga foleni kunawa, nami nikaona ni wakati mzuri wa kwenda chooni kukiwa na nafasi. Nikatundika taulo langu la bluu, nikaingia, nikatulia. Kwa nje nilisikia vicheko, maji, sahani. Sikusikia kikohozi. Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba mgeni mmoja wa Baray, amenawa na hana pa kujifutia, aliliona taulo safi limetundikwa mahali pazuri, akalichukua, akajifuta, akampa anayefuata. Lilikuwa limeshafika kwenye safu ya wanakwaya wakati mlango ulipofunguka.

Alikuwa mshenga, kofia mkononi.

Na mimi, kwa mazoea ya miaka ya kupokea wageni, nikamwambia, "Karibu sana."

Mlango ukafungwa. Foleni nzima ya kunawa ikaangua kicheko, ya Mbulu na ya Karatu kwa pamoja. Juu ya kicheko hicho nikasikia sauti ya Mama, upawa ukigongwa kwenye sufuria ili watu wote wasikie:

"Baba Mapacha, miaka minne nakwambia taulo si komeo! Jumatatu nenda dukani kanunue mawili, la choo na la hiyo kompyuta yako!"